Sikukuu Zilizozaliwa Kwenye Baridi

Hotuba kwa akina mama na vijana wa mtaa, Ilala, Dar es Salaam, juma la kwanza la Desemba

Ndugu mwenyekiti wa mtaa, akina mama wenzangu, akina baba, vijana wangu, na ninyi wajukuu mliokaa mkekani hapa mbele: Tumsifu Yesu Kristo! Bwana asifiwe! Asalaam aleikum!

Leo naongeza salamu ya nne: shalom. Msiione ngeni. Shalom ya Kiebrania na salaam ya Kiarabu ni ndugu wa tumbo moja, na jina la mji wetu limebeba neno hilohilo. Kanisa la Kiorthodoksi lilipoweka jimbo lake hapa, lililitafsiri jina la Dar es Salaam kwa Kigiriki likaitwa Irinoupolis, mji wa amani. Basi tukisalimiana kwa lugha hizo zote jioni hii, tumo nyumbani kwetu.

Nimeombwa nizungumze juu ya vyakula na desturi za sikukuu za Desemba. Nilipowaambia waandaaji kwamba nitazungumza za Wakristo na za Wayahudi pia, mmoja aliniuliza kwa upole, “Mwalimu, Wayahudi wanaingiaje Ilala?” Jibu alinipa mjukuu wangu bila kujua. Wiki iliyopita tulikuwa tunachambua mchele, akaniuliza, “Bibi, kwani Yesu mwenyewe alikuwa anakula Krismasi?”

Nikamwambia hapana, Krismasi hakuila. Lakini sikukuu ya majira ya baridi aliiona. Fungueni Injili ya Yohana, sura ya 10, mstari wa 22. Imeandikwa kwamba huko Yerusalemu ilikuwa sikukuu ya Kutabaruku, na kwamba ulikuwa wakati wa baridi, naye Yesu alikuwa anatembea hekaluni, katika ukumbi wa Sulemani. Nimeusoma mstari ule miaka mingi nikiupita tu. Sikukuu ile ya Kutabaruku ndiyo Hanuka, na Wayahudi wanaiadhimisha hadi leo.

Neno langu leo ni moja, na mtalisikia likirudi. Chakula cha sikukuu hakikuchaguliwa kwa utamu. Kilitokana na kile kilichokuwa ghalani mwezi huo, na lile lililowapata watu. Nilifundisha sayansikimu miaka thelathini na moja, na wanafunzi wangu walikuwa wakiniuliza kwa nini chakula fulani ni cha siku fulani. Nilikuwa nawajibu, “Ni mila.” Jibu lile lilikuwa la uvivu, na leo nataka kulilipia.

Tuanze na Hanuka. Mwaka 167 kabla ya Kristo, mfalme Antioko wa Nne, aliyetawala kutokea Siria, aliwapiga Wayahudi marufuku wasishike Sabato, wasitahiri watoto wao, na akaweka madhabahu ya miungu ya Wayunani ndani ya Hekalu la Yerusalemu. Mzee mmoja kuhani, Matathia, akakataa. Yeye na wanawe watano wakaingia milimani. Mwanawe Yuda, aliyeitwa Mmakabayo, akaongoza vita, na mwaka 164 wakalirudisha Hekalu mikononi mwao, wakalisafisha, wakajenga madhabahu mpya, wakalitabaruku kwa siku nane. Habari hizo zimo katika vitabu vya Wamakabayo. Wakatoliki wanavyo katika Biblia yao. Walutheri wenzangu, mwombeni jirani awaazime.

Kwa nini siku nane? Hapa pananigusa. Kitabu cha Pili cha Wamakabayo kinasema walisherehekea siku nane kwa furaha kama Sikukuu ya Vibanda, wakikumbuka kwamba muda si mrefu kabla ya hapo sikukuu yao hiyo iliwakuta milimani na mapangoni wakiishi kama wanyama wa porini. Yaani ilikuwa sikukuu ya kulipa deni. Mtu aliyewahi kupitisha Idi au Krismasi wodini akimuuguza mgonjwa, akaja kupika pilau wiki mbili baadaye mgonjwa alipotoka, anaielewa Hanuka bila kufundishwa.

Habari ya mafuta ilikuja kuandikwa karne nyingi baadaye, katika Talmudi, kitabu kikuu cha mafundisho ya walimu wa Kiyahudi. Inasema walipoingia Hekaluni walikuta chupa moja tu ya mafuta ya zeituni ambayo muhuri wa kuhani mkuu ulikuwa haujavunjwa. Yalitosha siku moja. Yakawaka siku nane. Kwa hiyo Myahudi huwasha taa moja usiku wa kwanza, mbili usiku wa pili, hadi nane, juu ya kinara chenye nafasi tisa. Ile ya tisa ni ya taa mtumishi, inayotumika kuwashia wenzake. Walimu wao walibishana zamani. Wafuasi wa Shamai walisema tuanze na nane tupunguze, wafuasi wa Hileli wakasema tuanze na moja tuongeze. Wakashinda wa Hileli, kwa hoja kwamba katika mambo matakatifu mtu hupanda, hashuki.

Kuna desturi ya wanawake ambayo nataka akina mama muisikie vizuri: taa zile zikiwaka, mwanamke hafanyi kazi za nyumbani. Anakaa. Wanasema ni heshima kwa wanawake walioshiriki ushindi, na hapo hutajwa Yudithi, yule mjane aliyemkata kichwa jemadari Holoferne. Masimulizi ya baadaye husema alimlisha jibini yenye chumvi nyingi ili apate kiu, akampa divai mpaka akalala. Ndiyo maana nyumba nyingine hula vyakula vya jibini na maziwa wakati wa Hanuka. Na Wayahudi wa Tunisia, Libya na jirani zao walikuwa na usiku mmoja mzima ndani ya Hanuka uliokuwa wa mabinti na wanawake, wa kula vitamu, kucheza na kupatana waliokosana.

Mtaniuliza Hanuka ni tarehe gani. Inaanza tarehe 25 ya mwezi wao uitwao Kislevu, nao huhesabu kwa mwezi mwandamo kama Waislamu. Tofauti ni kwamba kalenda ya Kiislamu haiongezi kitu, kwa hiyo Ramadhani huzunguka mwaka mzima, leo iko kwenye masika, baada ya miaka iko kwenye kipupwe. Wayahudi huongeza mwezi wa 13 katika miaka 7 kati ya kila miaka 19, ili sikukuu zisihame majira. Hivyo Hanuka huangukia mwishoni mwa Novemba au Desemba, na mara chache sana siku zake za mwisho huvuka mpaka Januari. Mwaka 2024 taa ya kwanza iliwashwa jioni ya tarehe 25 Desemba, Krismasi yenyewe.

Mimi niliiona Hanuka kwa macho mwaka 1997. Uhusiano wa nchi yetu na Israeli ulikuwa umerudishwa miaka miwili kabla, nami nikapata nafasi ya mafunzo mafupi Haifa, katika chuo cha Mlima Karmeli kilichoanzishwa 1961 kwa ajili ya wanawake wa nchi zinazoendelea. Najua nikilitaja eneo lile, mioyo ya wengi humu inauma kwa damu inayomwagika, na wangu unauma. Leo nazungumzia jiko, na watu niliowakuta jikoni, wa pande zote.

Mwaka ule mkesha wa Krismasi ulikuwa usiku wa pili wa Hanuka. Mchana nilikuwa Wadi Nisnas, mtaa wa Waarabu, Wakristo na Waislamu wanaishi mlango kwa mlango kama hapa kwetu. Mama mmoja Mkristo alinionjesha burbara, ngano nzima iliyochemshwa ikawa laini, ikatiwa sukari, zabibu kavu na viungo. Wao hula hiyo tarehe 4 Desemba, siku ya Mtakatifu Barbara, naye alinipikia upya kwa kuwa mgeni. Akaniambia Bethlehemu kwa Kiebrania ni nyumba ya mkate, na kwa Kiarabu ni nyumba ya nyama. Nikamwambia kwetu Bethlehemu ingekuwa nyumba ya wali.

Jioni nikaalikwa kwa bibi mmoja wa Kiyahudi, mzaliwa wa Moroko. Alikuwa na karai la mafuta kama la muuza maandazi wa Buguruni. Anavuta donge la unga uliochachuka, mikono imelowa maji, analitoboa katikati kwa kidole gumba, analitumbukiza. Wanaita sfenj. Kando yake jirani yake, mzaliwa wa Poland, alikuwa anakaanga latke. Hizo ni chapati za viazi: unakwaruza viazi mviringo na kitunguu kwenye kile kibati chenye matundu tunachokwaruzia karoti, unakamua maji yote kwa kitambaa, unatia yai, unga kidogo na chumvi, unakaanga zikiwa bapa hadi ukingo uwe wa kahawia na ulie ukiuma.

Wawili wale walikuwa wanabishana ipi ndiyo Hanuka ya kweli. Ya kweli ni mafuta, na hapa ndipo lile neno langu linarudi. Katika nchi zile zeituni huvunwa Oktoba na Novemba, na mafuta mapya hutoka mashinikizoni wakati baridi inaanza. Taa za Hanuka zinawashwa mafuta yakiwa ndiyo kwanza yamekamuliwa. Wayahudi waliokwenda kuishi Poland na Urusi hawakukuta mzeituni hata mmoja. Walikuta bata bukini, walionona kwa msimu na kuchinjwa mwanzo wa baridi, wakakaangia mafuta yake. Na viazi? Vilitoka Amerika ya Kusini, vikaenea mashariki mwa Ulaya katika karne za 18 na 19 tu. Chakula ambacho bibi yule alikiona cha tangu enzi za Wamakabayo, Wamakabayo wasingekitambua. Hilo halikipunguzii kitu. Watu walikuwa maskini, viazi vilikuwepo, na mafuta yalitakiwa yakumbukwe.

Kisha tazameni kaimati zetu. Jina hilo limetoka kwa Kiarabu, neno la tonge. Tunazikaanga Ramadhani, tunazimiminia shira, hakuna futari ya Dar inayokamilika bila kaimati. Wagiriki wanazo, wanaziita loukoumades, wanazimwagia asali, na Wayahudi wa jamii ya kale ya Ugiriki ndizo hula kwenye Hanuka. Waliofukuzwa Hispania wakaenda Uturuki wana bimuelos, donge lilelile. Mwislamu wa Kariakoo anafungulia saumu, Myahudi wa Ugiriki anawashia taa, Mwanglikana wa hapa Ilala anazinunua barazani kwa chai ya asubuhi. Karai moja, nia tatu.

Jambo moja la heshima. Myahudi anayeshika sheria hachanganyi nyama na maziwa, na mnyama huchinjwa na mchinjaji aliyefundishwa, kwa kisu kisicho na pengo, damu ikatoka. Ndiyo sababu latke iliyokaangwa kwa mafuta ya bata haipakwi malai. Huliwa na matofaa yaliyopondwa. Waislamu mnaonisikiliza mnaelewa haraka. Na sisi Wakristo wa uswahilini tunaelewa pia, kwa kuwa asubuhi ya Krismasi tunamwita kijana wa Kiislamu wa jirani atuchinjie kuku, ili sinia likienda mlango wa pili, lisirudi. Hakuna padri wala mchungaji aliyetuamuru. Tulitaka kula pamoja.

Sasa Krismasi. Kalenda ya Roma ya mwaka 354 ndiyo inayotupa tarehe 25 Desemba katika maandishi. Zaidi ya tarehe, nataka mlifikirie giza. Hapa Dar jua huzama baada ya saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, tofauti haifiki hata saa moja. Stockholm, mwezi huu, jua huzama kabla ya saa tisa alasiri. Fikirini watoto wanatoka shule usiku umeingia. Waswidi tarehe 13 Desemba, siku ya Mtakatifu Lusia, humvika binti taji la mishumaa kichwani akaingia na maandazi ya zafarani. Huko Hamburg mwaka 1839, mchungaji wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern alikuwa na nyumba ya watoto maskini waliokuwa wakimuuliza kila siku, bado siku ngapi? Akachukua gurudumu la mkokoteni, akapanga mishumaa midogo ya siku za kazi na minne mikubwa ya Jumapili, wakawasha mmoja kila siku. Ndilo taji la Majilio mnaloliona leo makanisani. Mkiingia Azania Front pale bandarini, kanisa lililojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne iliyopita, kumbukeni wale watoto.

Na chakula chao? Majani yameisha malishoni, wanyama wengi hawawezi kulishwa hadi masika, kwa hiyo wanachinjwa. Matunda mabichi hakuna, yapo makavu. Basi utakuta nyama ya bata bukini au ya nguruwe, na keki nzito za zabibu kavu. Mkate wa Krismasi wa Dresden, uitwao Stollen, ulianza ukiwa mkavu usio na ladha, kwa sababu Majilio yalikuwa ya kufunga na siagi ilikatazwa. Watawala wa huko walimwandikia Papa wakiomba siagi, na mwishoni mwa karne ya 15 wakapewa ruhusa kwa malipo. Barua ile ya ruhusa bado inaitwa barua ya siagi.

Lakini niambieni, kinachonukia katika keki zile, katika pudini ya Waingereza, katika divai ya moto ya Wajerumani, ni nini? Mdalasini, kungumanga, na karafuu. Karafuu! Katika karne ya 19 Unguja na Pemba ndizo zilizoongoza ulimwengu kwa karafuu. Watu walizichuma juani, wengi wao wakiwa watumwa, zikaanikwa mikekani, zikapakiwa merikebuni. Harufu ambayo Mzungu akiisikia anasema “sasa ni Krismasi” ilipandishwa chombo upande wa pili wa mkondo huu wa bahari. Nasema hivi kwa uchungu na kwa fahari pamoja. Nimesikia mara nyingi vijana wakisema sisi hatuna chakula cha Krismasi, tunapika pilau tu kama shughuli yoyote. Pilau tu? Nyumba yenye pilau imejaa karafuu, mdalasini, iliki, pilipili manga na binzari nyembamba. Hamkuazima harufu ya sikukuu kwa mtu. Karne ile, wao ndio walioipata karafuu kutoka huku.

Vivyo hivyo miti. Tunanunua mti wa plastiki tunaubandika pamba iwe theluji. Sikatazi, watoto wanafurahi. Ila huko nje barabarani, mwezi huu, kuna mti umewaka maua mekundu hata majani hayaonekani, na wazee wetu waliupa jina mkrismasi. Wao walitazama kilichochanua Desemba ya hapa.

Desturi iliyonigusa kupita zote ni ya Wapoland. Mkesha wa Krismasi wao hawali nyama. Watoto wanatazama mbinguni, nyota ya kwanza ikionekana ndipo wanakaa mezani. Chini ya kitambaa cha meza wametandaza nyasi kavu, kwa sababu ya hori. Wanavunja kaki nyembamba kama ile ya komunyo, kila mmoja akimegea mwenzake na kumtakia heri na kusamehe. Vyakula kumi na viwili: supu ya kiazisukari chekundu, samaki, kabichi, uyoga uliokaushwa. Na wanaweka sahani moja ya ziada na kiti kitupu, kwa ajili ya mgeni atakayebisha hodi.

Wapoland hao si wa mbali. Vita Kuu ya Pili ilipowatupa nje ya nchi yao, walipelekwa Siberia, wakapitia Uajemi, na kuanzia 1942 karibu watu 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliishi Tengeru, karibu na Arusha. Makaburi yao yapo mpaka leo. Sijui kitu kinachoeleza ukimbizi kama kiti kile kitupu, kwa watu ambao wao wenyewe walikuwa wamekuwa wageni wanaobisha hodi, chini ya Mlima Meru.

Wahabeshi nitawataja kwa haraka, maana mnao mjini na wenyewe watawaeleza vizuri. Genna, yaani Krismasi yao, ni tarehe 7 Januari. Hufunga siku 43, bila nyama, maziwa wala mayai, ndipo waamke na mchuzi mkali wa kuku wenye mayai juu ya injera, mkate wao mwembamba. Wagoa wa hapa Dar wana bebinka, keki ya tui la nazi na mayai inayomwagwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka likiiva ndipo linamwagwa jingine; aliyeipika hawezi kuondoka jikoni nusu siku. Na Uganda, karibu na Mbale, kuna Waafrika wanaoishika dini ya Kiyahudi, Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Hanuka inawashwa Afrika Mashariki, tena na watu wanaokula matoke.

Kwetu hapa, Desemba ni safari. Stendi ya Magufuli pale Mbezi inafurika. Wachaga wanasema wanakwenda kuhesabiwa. Huko kuna mtori, kuna mbege, kuna mbuzi aliyebanikwa mzima. Wanaobaki mjini ni pilau, kachumbari, kuku, chapati, soda, na watoto wenye nguo mpya wanaopita nyumba kwa nyumba wakiomba sikukuu yao. Wapeni. Mkono wa sikukuu hata ukiwa pipi moja ni mkono. Wayahudi nao huwapa watoto sarafu siku za Hanuka.

Nilisema nitarudi kwenye chakula na lile linalowapata watu. Kule Haifa, bibi wa Moroko alipomaliza kukaanga, hakuwasha mishumaa. Alikuwa na vikombe vidogo vya kioo. Akatia maji chini, mafuta ya zeituni juu, akaweka utambi wa pamba uelee juu, akawasha, akaviweka dirishani. Viwili, na kile cha mtumishi. Mimi nikaanza kulia. Wakadhani nimekumbuka nyumbani kwa sababu ni mkesha wa Krismasi. Nilikuwa nimekumbuka, lakini si kwa sababu hiyo.

Wenye umri wangu mnaukumbuka mwaka 1981. Baada ya Vita vya Kagera maduka yalikuwa meupe. Sukari foleni, sabuni hakuna, tunafulia majani ya mpapai. Mafuta ya kupikia mtu aliyasikia tu. Tulikuwa tunaishi hapahapa Ilala, nyumba ya vyumba sita, uani mmoja, milango sita ya wapangaji, mitatu ya Wakristo na mitatu ya Waislamu. Siku mbili kabla ya Krismasi mjomba akaja kutoka Mkuranga na kiroba cha nazi na mihogo.

Mama hakusema neno. Aliweka mbuzi ya kukunia uani akaanza kukuna. Mama wa mlango wa tatu akatoka na mbuzi yake. Hatimaye walikuwa wanne. Walikamua tui kwa kifumbu, wakaliweka motoni, wakakaa nalo. Mnajua tui likichemshwa bila kukoma: linakuwa zito, linakatika, halafu mafuta yanapanda polepole, ya rangi ya dhahabu, na uani wote unanukia. Kiroba kizima kilitoa chupa mbili za soda, si zaidi.

Asubuhi ya Krismasi tulikula mihogo ya kukaanga, chumvi na pilipili, milango yote sita. Hapakuwa na wali, hapakuwa na nyama. Kile kiazi cha latke kilipolia menoni mwangu kule Haifa, ulikuwa ni muhogo ule.

Mafuta yaliyobaki, mama aliyachuja akagawa vijiko vitatu kila mlango. Ya kwetu hakuyapikia. Mafuta ya taa nayo yalikuwa hayapatikani, na mdogo wangu aliogopa giza. Akatia maji kwenye kikombe, akamimina yale mafuta juu, akasokota uzi wa pamba kutoka kwenye kanga iliyochakaa, akawasha, akakiweka dirishani upande wa uani, ili na wenzetu wanaokwenda msalani waone njia.

Taa ile haikufika siku nane. Ilizimika kabla ya alfajiri, jogoo wa kwanza hajawika, na mdogo wangu alikuwa ameshalala.

Asanteni kwa kunisikiliza. Akina mama kule nyuma wananiashiria kwamba viazi na mihogo vimeshatoka karaini. Watoto watangulie.